Jinsi ya kubeba msosi wa kazini bila kuamka saa kumi alfajiri

Jamani mi sio mpishi, naomba hilo lieleweke mapema. Nakaa Kimara hapa Dar, geto la chumba kimoja, jiko langu ni la gesi pleti moja na mtungi mdogo wa kilo 6, na kazi yangu iko Posta. Huu mwaka wa tatu nabeba msosi toka nyumbani siku nne za wiki. Kilichonianzisha sio afya wala nini, ni hesabu. Mwezi mmoja nilijikuta tarehe 19 sina hata nauli ya basi la mwendokasi nikaanza kuandika kila ninachonunua kwenye simu, ndo nikaona. Sahani ya wali maharage pale jirani na ofisi buku tatu, soda au maji mia sita, siku 22 za kazi inakuwa 79,200 na hapo sijagusa nyama, na tujuane tu, kuna siku unapita pale unakuta kuku wa kuchoma harufu inakuita kwa jina.

Nikibeba mwenyewe sahani inanigharimu kama 1,300 hivi, kwa bei za sokoni kwetu. Mchele kilo moja unatoa sahani saba mpaka nane, maharage kilo moja yanatoa hata kumi na mbili, weka nyanya kitunguu mafuta mboga na gesi kidogo, ndo hiyo. Kwa siku 18 nazobeba kwa mwezi nabakiza elfu arobaini na kitu. Ijumaa sibebi, Ijumaa ni pilau ya mama ntilie na sitaki mtu aniambie chochote.

Sasa wengi nikiwaambia wanasema "mi nilijaribu nikashindwa", na ukiwauliza ulishindwaje jibu ni moja, asubuhi. Yaani mtu anapanga aamke saa kumi apike, anaamka hivyo siku mbili, ya tatu alarm anaizima, ya nne anarudi kwa mama ntilie. Kwahiyo kazi yote inatakiwa iwe imeisha usiku. Na jambo la pili, ambalo mi nilijifunza kwa tumbo kuuma, ni kwamba chakula cha kubeba kinatakiwa kiwe cha moto kabisa au cha baridi kabisa. Vuguvugu ndo adui. Kwa joto la Dar hili, mtu unatoka saa kumi na mbili asubuhi unakula saa saba mchana, hayo ni masaa saba, chakula cha vuguvugu kwenye begi kinakuwa hoteli ya bakteria. Huo mstari wa vuguvugu unaanzia kama nyuzi 5 mpaka 60, na wanaohusika na usalama wa chakula wanasema kisikae humo zaidi ya masaa mawili, na joto likipita 32 liwe saa moja tu. Dar Januari kwenye mwendokasi mtu kabanwa mlangoni hiyo 32 imepitwa kitambo.

HATUA YA KWANZA: VYOMBO

Usiende dukani kununua seti nzima ya vyombo vya rangirangi, utavunjika moyo na hela imeshaenda. Unahitaji vitu viwili vitatu tu.

Kontena moja lisilovuja. Namna ya kulijaribu: lijaze maji, funga, ligeuze kichwa chini juu ya sinki uliache dakika tano. Likidondosha hata tone moja, hilo ni la kuwekea karanga. Haya makopo ya siagi na ndoo za aiskrimu yanafaa kwa vitu vikavu na kwa kugandishia, ila usimwagie chakula cha moto humo na usiyaingize kwenye maikrowevu, hayakutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kama ofisini kwenu hamna friji wala maikrowevu basi jichange ununue ile themosi ya chakula ya chuma yenye mdomo mpana. Ni ghali kidogo ila ndo inayookoa. Hotpoti ya plastiki ya kawaida ni nzuri kwa meza ya nyumbani, kufikisha saa saba mchana kikiwa cha moto ni bahati nasibu, hasa ukiweka chakula kidogo hewa ikabaki nyingi ndani.

Na kitu cha kubebea. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 wengi tunatumia ile mifuko mbadala, sasa ile haizuii mchuzi hata kidogo. Nasema hivi kwa sababu mwaka wa kwanza nilipanda gari limejaa, begi nimelikumbatia, pale Manzese dereva akashika breki, maharage yangu yakapitia kwenye mfuko yakaenda kumalizikia kwenye shati jeupe la mzee mmoja aliyekaa chini yangu. Yule mzee hakusema kitu. Aliangalia shati, akaniangalia mimi, akaangalia dirishani mpaka kituo cha Fire. Bora angetukana. Toka siku hiyo kontena nalifunga na kitambaa kwa fundo juu kama mama zetu wanavyofunga sufuria la msibani, na nalibeba limelala sawa, sio limesimama wima kwenye begi la laptopu.

HATUA YA PILI: JUMAMOSI USIKU LOWEKA, JUMAPILI CHEMSHA

Hapa ndo roho ya mambo yote. Maharage kilo moja, chagua mawe, osha, loweka usiku kucha kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga yale maji weka mengine, chemsha. Kama una preshakuka ni nusu saa mpaka dakika arobaini na gesi inapona, ila usijaze kupita nusu maana maharage yanavimba na kutoa povu linaloziba tundu la juu. Kama huna, chemsha kwenye sufuria la kawaida, na hakikisha yanatokota kwa nguvu angalau dakika kumi za kwanza kabla hujapunguza moto, kwa sababu maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui, na mtu anaumwa tumbo anasema amerogwa.

Usiyaunge. Hili watu wanakosea. Yaache na chumvi tu, yapoe, gawa kwenye vikopo vitano sita vya sahani mbili mbili. Vya siku mbili za mwanzo weka kwenye friji, vingine tupia kwenye friza. Kila jioni unatoa kimoja unaunga kivyake. Jumatatu kitunguu na nyanya na karoti, Jumanne unaweka bizari na pilipili hoho, Jumatano unayaponda unayakausha unayafunga ndani ya chapati. Ni maharage yaleyale ila mdomo haujui. Ukiunga yote Jumapili kwa mtindo mmoja, ikifika Jumatano utayachukia na utamchukia aliyekushauri.

Kupoza nako kuna namna yake. Usifunike sufuria la moto ukaliingiza kwenye friji, katikati linakaa vuguvugu masaa mengi na linapasha moto vitu vingine vyote humo. Mwaga kwenye sinia au bakuli pana, tandaza, ndani ya nusu saa au saa moja limepoa, ndo ufunike uweke.

Umeme ukikatika usiku mzima na ukakuta maharage ya kwenye friza yameshayeyuka yako ya joto, usiyaonee huruma. Mwaga.

HATUA YA TATU: CHAGUA CHAKULA KINACHOSAFIRI

Sio kila kitamu kinafaa kubeba. Ugali mi nimeshindwa. Najua kuna watu wanabeba, kuna jamaa yangu wa Mwanza ofisini anabeba na anakula kwa furaha, ila ugali ukifungwa ukiwa wa moto unatoa jasho unaloana juu, ukiufunga umepoa unakuwa tofali. Ugali uliwe nyumbani au kwa mama.

Makande ndo mfalme. Wapare walijua wanachofanya. Vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa kwa kikombe kimoja cha maharage, vyote viwe vimelowekwa usiku, chemsha pamoja mpaka viive kabisa, halafu kaanga kitunguu na nyanya na karoti umimine humo, na ukitaka utamu weka karanga zilizosagwa. Hayavuji, yanashibisha mpaka jioni na hata yakipoa yanalika. Nazi usiweke kwenye ya kubeba. Ukitaka ya nazi, toa kwanza ya kesho uyatandaze pembeni yapoe, halafu yaliyobaki yatie tui ule usiku.

Hiyo nazi naisisitiza maana ilinifundisha. Mwezi wa pili wa kubeba nilipika wali wa nazi usiku, mtamu sana, nikauacha kwenye sufuria mezani mpaka asubuhi, enzi hizo sina friji, nikapakia nikaenda. Saa saba nafungua mbele za watu, ukafanya "pshii" kama soda. Wali umechacha, unavutika kama bamia. Na wenzangu wameshasema "karibu" wanasubiri niseme "karibu na wewe". Nilifunga kimyakimya nikasema nimeshiba.

Na hata wali mweupe usio na nazi usiuchukulie poa. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, wali ukilala kwenye joto la chumba vinaamka na kutengeneza sumu, na hiyo sumu ukiupasha moto haitoki. Kwahiyo ule mtindo wa "nitaupasha vizuri tu" hauna msaada kama ulilala mezani. Wali uingie friji mapema usiku huohuo na uliwe kesho yake, usivuke. Huna friji? Wali upike asubuhi, dakika ishirini unaiva wakati unaoga na kuvaa, mboga tu ndo uandae usiku kwa kukatakata.

Wali wa kubeba pia weka maji kidogo zaidi na kijiko cha mafuta, la sivyo mchana unakuwa punje za kokoto. Maharage ya kubeba yawe mazito: ponda robo yake na mwiko pembeni ya sufuria, mchuzi unashika wenyewe.

Vingine vinavyosafiri vizuri: chapati, hizi hazina neno, unazipika sita Jumapili unaziweka friji unapasha mbili kila asubuhi. Ukikaanga mayai ukayafunga humo ndani unapata kitu ambacho Waganda wanakiita rolex na kinaliwa kwa mkono mmoja huku unajibu simu. Viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Mihogo. Dagaa wa kukaanga wakakauka kabisa na ndimu. Tambi za kukaanga na mboga nazo ni rahisi, ingawa mi huwa nasikia njaa saa tisa.

Mboga za majani: kisamvu kinasafiri kuliko mchicha, ila kipikwe kiive sawasawa, majani ya muhogo mabichi yana sumu, ndo maana bibi zetu wanakitwanga na kukichemsha sana. Mchicha unatoa maji, ukishaiva ukamue kwa kijiko, maji yabaki kwenye sufuria.

Kachumbari ikae kwenye kikopo chake, na chumvi usiweke nyumbani. Chumvi inavuta maji ya nyanya, mchana unakuta supu. Chukua kichumvi kidogo kwenye karatasi na kipande cha ndimu, unachanganya ukiwa mezani. Parachichi lile zima na kisu, ukilikata nyumbani linakuja jeusi.

HATUA YA NNE: USIKU PAKIA, ASUBUHI BEBA

Ukimaliza kula chakula cha jioni, kabla hujakaa kuangalia mpira, pakia. Hii ndo dakika muhimu kuliko zote. Ila chakula cha kesho kitoke kwenye sufuria kabla wewe hujala, kipoe kwenye bakuli pana wakati unakula, kwa sababu ukila kwanza utajikuta unaongeza kidogo, unaongeza kidogo, na kesho unabeba kijiko na aibu. Mi napika cha watu wawili, mimi wa leo na mimi wa kesho.

Asubuhi kuna njia mbili, chagua moja.

Ya moto: jaza themosi maji yanayochemka, funga, iache dakika tano mpaka kumi ipate joto. Wakati huo chakula kiko jikoni kinapashwa mpaka kitokote kweli, sio kufuka moshi kidogo tu. Mwaga maji, jaza chakula mpaka juu, funga hapohapo. Usifungue njiani kuchungulia. Makande yangu nafunga saa kumi na mbili kasoro, saa saba bado yananiunguza ulimi.

Ya baridi: kontena linatoka friji moja kwa moja, na pembeni yake weka chupa ya maji ya nusu lita uliyoigandisha usiku. Vizungushie khanga ya zamani au taulo dogo. Ile barafu inalinda chakula njiani, na mchana una maji ya baridi ya kunywa bila kununua, hapo ile mia sita imepona. Ukifika ofisini kama kuna friji weka mara moja. Ila ile chupa igandishe ikiwa na nafasi juu, maji yakiganda yanapanuka yanapasua.

Kama huna friji kabisa nyumbani, usikate tamaa, ila panga tofauti. Usiku unalowekea na kukatakata tu, asubuhi unachemsha viazi vitamu au wali na mayai mawili kwenye sufuria moja, au maharage kwenye preshakuka ukiwa unapiga pasi nguo. Nilikaa mwaka mzima hivyo kabla sijapata kifriji cha mtumba.

HATUA YA TANO: MAMBO YA OFISINI

Maikrowevu ya pamoja saa saba kamili ina foleni kama ya benki mwisho wa mwezi. Nenda saa sita na nusu au saa saba na nusu. Nyunyizia wali kijiko cha maji, legeza kifuniko, pasha, koroga, pasha tena, maana hiyo mashine inachoma pembeni katikati kukiwa bado kama barafu.

Dagaa na samaki usiwapashe humo. Nakuomba. Wale waliwe baridi hivyohivyo. Kuna dada alipasha sangara kwenye ofisi yenye kiyoyozi na madirisha yasiyofunguka, mpaka leo ana jina la utani ambalo yeye hajui.

Kama kuna birika la umeme tu, kontena lako likiwa la chuma litumbukize kwenye bakuli la maji yaliyochemka, ubadilishe maji mara moja katikati, linapata uvuguvugu wa kulika muda huohuo. Hapo vuguvugu ruksa, kwa sababu unakula sasa hivi.

Halafu suala la karibu. Kwetu hauwezi kufungua chakula ukala kimya, lazima useme karibu, na kuna mtu mmoja kila ofisi ambaye huwa anakaribia kweli, na ana kijiko chake kwenye droo. Usigombane naye. Mi nilimgeuza mshirika: sasa tuko watatu, mmoja analeta wanga, mmoja mboga, mmoja matunda na maji, tunazungusha kila wiki. Gharama imeshuka zaidi na siku ambayo umechoka kuna mwenzako kabeba. Sharti letu ni moja, anayeshindwa kuleta atoe taarifa usiku, sio saa saba tumekaa na vijiko tunaangaliana.

Na ukimaliza kula, osha kontena palepale ofisini hata kwa maji matupu, liache wazi likauke. Madoa ya bizari yanatoka ukilipaka ndimu ukalianika juani. Na Alhamisi jioni lirudi nyumbani hata kama umekasirishwa na bosi, maana Ijumaa hubebi, Jumamosi hauendi, na lile nililolisahau kwenye droo likiwa na mchuzi wa kisamvu nililifungua Jumatatu, nikalifunga tena, nikalipeleka kwenye pipa la nje likiwa zima na kifuniko chake.